Bwanamkuu na Masinia Yake Mawili

Watu wengine waliopita uani kwa Mtaliano Renzo asubuhi ile waliona bati lenye macho ya taa. Fumo wa Bi Hindu aliona harusi.

Ulikuwa mwaka wa themanini na saba, na Renzo, baada ya miaka mingi ya kuota jua la Malindi, alikuwa anarudi kwao. Alikuwa ametoa vitu vyake vyote uani aviuze: vitanda, friji, miavuli na kasuku mwenye matusi. Baina ya friji na kasuku alisimama mtu wa bati, kimo chake cha mtoto anayeanza chuo cha Kurani, mwenye mikono miwili na kichwa kama birika. Renzo alimuunda mwenyewe kwa kujifurahisha, kwa vimota vidogo vya ndege za kuchezea, ambavyo aliviita sevo. Sevo ndizo zilizokuwa misuli ya yule mtu. Kifuani alikuwa na kibao cha sakiti kilichoziamuru sevo lini ziinue mkono na lini ziushushe, na hicho ndicho kilikuwa ubongo wake.

"Anafanya nini huyu?" Fumo aliuliza.

"Wewe bonyeza hapa, yeye inua mkono, piga salamu, shusha mkono," alisema Renzo kwa Kiswahili chake cha ufukweni. "Sasa kufa. Betri yake kufa. Betri kama ile hapana Malindi, hapana Mombasa."

"Masikini," alisema Fumo, akatikisa kichwa kama mtu aliyefika matangani. "Na uwanja wa ndege watakutoza ushuru wa maiti."

"Ushuru?"

"Mkubwa. Lakini usijali, nitakuondolea mzigo huu. Na sikutozi kitu, wewe ni mgeni wetu."

Fumo akatoka pale na roboti wa bure, shukrani nyingi, na mwavuli wa nyongeza.

Inafaa tumjue mtu huyu kabla hatujamfuata. Fumo alikuwa mtu wa Lamu, mrefu, mwenye kanzu iliyopigwa pasi na ulimi uliopigwa pasi zaidi. Lamu walikuwa wamechoka kumsikiliza, Mombasa walikuwa wanamtafuta, na Kilifi kulikuwa na karani mmoja aliyeapa kumvunja mguu siku atakayomwona. Mji uliobaki kumwitikia salamu ulikuwa Malindi, na Malindi ndio mji ambao mama yake alimtahadharisha nao.

Bi Hindu, Mungu amrehemu, alipokuwa katika ugonjwa wake wa mwisho, alimwita mwanawe akamkabidhi mrashi wa fedha, kile chombo cha shingo ndefu cha kunyunyizia wageni marashi harusini. Ulikuwa mwembamba na mwepesi ajabu. "Uza chochote," alimwambia, "huu usiuuze. Na popote uendapo uende nao, lakini ukifika Malindi usiutoe hadharani." Fumo alimtii mama yake. Aliuza kasha, akauza kitanda, akauza mlango wa nyumba, na baada ya mlango akauza nyumba. Mrashi hakuuza. Kila alichokuwa nacho duniani kilitoka mikononi mwa mtu aliyebaki akilia, isipokuwa huo. Usiku aliufunga katika leso ya mama yake akaulaza karibu na kichwa, na kwa sababu yake aliweza kujiambia kwamba ndani kabisa yeye ni mtoto wa watu. Suala la Malindi alilielewa hivi: Wamalindi wana kijicho.

Roboti alimpa jina la Bwanamkuu, akamchukua hadi nyuma ya soko, kwenye kibanda cha Menza, fundi wa redio kutoka Vitengeni. Menza alikuwa na mikono mipana, pikipiki kuukuu, na imani kubwa mno juu yake mwenyewe.

"Huyu nitamfufua nikiwa nimelala," alisema Menza. "Lakini nieleze kwanza. Ni wa nini?"

"Ni wa kunyunyiza marashi harusini. Kuna mama mmoja mtaa wa Shela, hapa hapa Malindi, Bi Mahfudha, anakodisha vyombo vya shughuli. Sufuria zake zimepika pilau kutoka Mambrui mpaka Takaungu. Mama yule akiona kitu ambacho harusi zitakikodi, hulala akikiota. Tutamuuzia. Siku ya kumwonyesha, Bwanamkuu atanyunyiza mpaka tuchoke. Siku ya harusi atanyunyiza kwa muda wa kikombe cha kahawa, halafu atazima. Na sisi?"

"Na sisi tutakuwa Tana River."

"Mwenye akili wewe."

Shida ilikuwa chakula cha Bwanamkuu. Kwanza Menza alimtia mawe manne ya redio, zile betri ndogo, mapya. Wakabonyeza. Macho yakawaka, mkono ukapanda mpaka kitovuni, macho yakazima, mkono ukaanguka. Macho yakawaka tena, mkono ukaanza upya, ukafika kitovuni, ukaanguka. Ilikuwa kama mtu anayetaka kusalimia kisha anakumbuka kwamba amegombana nawe.

"Nguvu hazimtoshi," Menza alitoa hukumu. Akaenda akaleta betri ya gari, ya volti kumi na mbili, akiwa ameikumbatia kifuani. "Hii inawasha lori. Itashindwa na kimkono?"

Haikushindwa. Mkono wa kushoto uliruka juu kwa kishindo, ukampiga Bwanamkuu mwenyewe kofi la uso, kisha ukatoa moshi mweupe na harufu ya mpira. Sevo za upande ule zilikuwa zimeungua zote. Fumo na Menza walisimama kimya kidogo kwa heshima ya marehemu, na kuanzia siku ile Bwanamkuu alikuwa mtu wa mkono mmoja.

"Kumbe zilitaka sita tu," alisema Menza, akisoma maandishi madogo ubavuni mwa sevo iliyoungua.

"Hukuweza kusoma kabla?"

"Ndugu yangu, nani husoma kabla?"

Wakaenda kula. Mkahawani waliletewa pilau ya watu wawili katika sinia moja, kama ilivyo desturi. Menza alinawa, akanyamaza, akaingiza mkono. Fumo alinawa akaanza kueleza jinsi watakavyoishi baada ya biashara hii. Alipofika kwenye gari watakalonunua, alitia mkono siniani akakuta mbegu za iliki.

"Menza! Umemaliza!"

"Mimi nilikuwa nakula. Wewe ulikuwa unafikiri."

Fumo akamtazama. Akautazama ule mkono mpana unaong'aa mafuta, na sinia tupu, na mara akasimama huku njaa ikiwa imemtoka. "Ndiyo hiyo!" alipiga kelele. "Sevo ni wewe na ubongo ni mimi! Wanakula sinia moja. Mkono ukitaka kuinuka unakomba kila kitu, ubongo unakosa, unazimia. Ukizimia, mkono unaanguka, chakula kinarudi, ubongo unazinduka, wanaanza tena. Tuwape masinia mawili!"

Basi ubongo ukapewa mawe yake manne peke yake. Sevo zikapewa betri ya pikipiki ya Menza, kwa kuwa pikipiki kuukuu kama ile hutumia ya volti sita, nzito lakini yenye subira. Wakabonyeza. Bwanamkuu hakutikisika hata kidogo. Fumo alikuwa karibu kulia, hata Menza akakumbuka kitu, akachukua kipande cha waya akaunganisha upande wa hasi wa mawe na upande wa hasi wa betri. Bwanamkuu akainua mkono wake wa kulia taratibu, akaupinda kwa adabu, akaushusha.

"Hata wa masinia mawili hukaa mkeka mmoja," alieleza Menza kwa majivuno. "La sivyo amri haifiki."

Walimpa mrashi wa shaba uliokopwa dukani. Sevo zikalalamika, mkono ukapanda nusu ukatetemeka pale pale. Ulikuwa mzito. Kuongeza volti kulikuwa ni kuuaga na mkono wa kulia. Wakajaribu mrashi wa bati, haukunyunyiza, ulimwaga. Ndipo Menza akaelekeza kidevu kwenye mfuko wa Fumo, mahali palipokuwa na leso ya Bi Hindu.

"Ule wako ni mwepesi."

"Ule hapana."

"Huuuzi. Unamwazima tu."

"Mama alikataza Malindi."

"Mama yako, Mungu amrehemu, alimjua Bwanamkuu?"

Hoja haikuwa na maana, lakini Fumo alikuwa ameshaanza kuishi ndani ya lile gari. Akaufungua mrashi, akaubusu, akautia mkononi mwa bati. Mkono ukapanda mpaka juu, matone ya marashi yakamwangukia Menza kichwani, na kibanda kizima kikanukia kama kuna mtu anaolewa.

Bi Mahfudha binti Zein walimkuta barazani kwake Shela, amekaa juu ya kiti cha kifalme na buli la kahawa pembeni. Alikuwa akipokea vyombo vilivyorudi kutoka harusini. Kazi hiyo aliifanya kwa namna yake. Hakutazama chombo hata kimoja. Kadzo, mwanamke wa Kigiriama mwenye mabega ya kubeba mawe, aliinua sufuria moja moja, akaisikilizia uzito, akatamka.

"Yetu. Yetu. Hii si yetu, Bibi. Yetu ilikuwa nzito. Hii wameibadilisha."

"Irudishe. Waambie naitaka niliyowapa," alisema Bi Mahfudha, kisha akawageukia wageni.

"Shikamoo, Bi Mahfudha," alisema Fumo, akiinama kiasi cha kuonyesha adabu bila kuikunja kanzu.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Na huyo mliyemvisha kanzu ni nani?"

Fumo alikuwa ameingojea hiyo nafasi. Alieleza jinsi Bwanamkuu alivyoundwa Ulaya na wajuzi, jinsi asivyochoka, asivyokula pilau, asivyoiba kijiko. Akabonyeza. Bwanamkuu akamnyunyizia Bi Mahfudha kiganja, akamnyunyizia Kadzo, akawanyunyizia majirani waliochungulia, akaendelea hivyo mpaka alasiri huku betri ya Menza ikifanya kazi kimya chini ya kanzu. Watu walipiga makofi. Bi Mahfudha hakumtazama roboti. Alikuwa akiutazama mrashi ulio mkononi mwake.

"Mrashi mzuri," alisema. "Umeupata wapi?"

"Urithi wa mama yangu. Huo hauuzwi, Bi Mahfudha, nisamehe. Utatafuta mwingine mwepesi."

"Bila shaka. Urithi ni urithi. Mama yako ni nani?"

Juu ya mama yake Fumo hakuwa na ujanja. "Bi Hindu wa Lamu, Langoni. Ameshatangulia."

Bi Mahfudha alimimina kahawa, akainywa yote. "Mungu amrehemu," alisema. "Nilikutana naye zamani. Alikuwa mcheshi sana. Haya, nitamnunua huyu mtoto. Ijumaa namwoza mpwa wangu, nataka huyu awepo kwenye kupamba. Mnyanyue, Kadzo, tuone uzito wake asije akavunja kiti."

Kadzo akamkumbatia Bwanamkuu, akamnyanyua, akamweka chini. "Mzito," alisema.

"Sharti ni moja tu," Fumo aliwahi. "Nguo zake hazifunuliwi. Upepo wa bahari ukimwingia ndani, anaharibika moja kwa moja."

"Hatafunuliwa," alisema Bi Mahfudha. Akatoa bunda la noti chini ya mto wa kiti bila kubishana hata neno, na Fumo alipaswa kushtuka hapo, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumwona Bi Mahfudha akinunua hata ndimu bila kubishana. Lakini bunda lilikuwa nene. "Jambo moja, mwanangu. Mrashi niazime siku hiyo moja. Uje mwenyewe mlangoni, uondoke nao."

Fumo alikwama. Angekataa, biashara ingelegea. "Kwa heshima yako," alisema.

Ijumaa Bwanamkuu alifikishwa kwa Bi Mahfudha akiwa na mawe tu: manne ya ubongo na manne ya mkono, mapya, ya kutosha kikombe cha kahawa. Betri ilikuwa imerudi kwenye pikipiki, na pikipiki ilikuwa kona ya mtaa, na Menza juu yake, mguu kwenye kiki. Fumo alikuwa na mpango mzuri. Baada ya mzunguko wa kwanza wa marashi angeomba mrashi utoke ujazwe, angeupokea mlangoni, angekimbia.

Kupamba ni shughuli ya wanawake, mwanamume haingii. Hata Bwanamkuu alizuiwa mlangoni na bibi mmoja mkali aliyetaka kujua huyu ni mume au mke. Ikabidi avuliwe kofia, afungwe leso mbili na vikuba, vile vishada vya maua ya asumini, ndipo akaingia. Fumo alibaki nje, akitazama mlango uliofungwa na kusikiliza.

Ngoma ikaanza. Vigelegele vikapanda. Fumo akahesabu kahawa moja moyoni, akagonga. Kadzo akafungua kidogo.

"Mwambie Bibi mrashi utoke, niujaze."

"Hautoki sasa. Wanamtuza."

"Wanamtuza nani?"

Kadzo akamwonyesha kikapu alichokuwa amekibeba. Kilijaa noti mpaka kwenye mpini. "Mtoto wako. Kila akimnyunyizia mtu, mtu anamtuza, na jirani yake hakubali kushindwa, anatuza zaidi. Nakwenda kumwaga, kikapu kimejaa." Akapita na kikapu akaenda nyuma ya nyumba.

Fumo alijua desturi. Anayecheza au kupendeza harusini hutuzwa, na tuzo ni za mwenye kitu. Alijua, lakini hakuwahi kufikiri mtu angeliweza kulituza bati. Na bati lile alikuwa ameshaliuza.

Kahawa ya pili ikapita. Mawe yalipaswa kuwa yameisha. Vigelegele vikazidi. Kadzo akatoka tena na kikapu, kimejaa.

"Bado anainua mkono?" Fumo aliuliza.

"Hajautua."

"Haiwezekani! Yale mawe..."

"Mawe gani?" alisema Kadzo. "Bibi ameagiza sanduku la umeme kutoka Mombasa. Lachomekwa ukutani, lampa volti sita usiku na mchana. Alisema mtoto wa watu asije akalala njaa." Akaondoka na kikapu. Baada ya muda akatokea na cha tatu.

Menza alikuja mbio kutoka kona. "Twende! Unangoja nini?"

"Ameweza," alisema Fumo, macho yamemtoka. "Menza, mama yule ameweza. Amempatia chakula kisichokwisha. Tumeuza ng'ombe ili tunywe maziwa ya siku moja."

"Tumeuza bati!"

"Kila Ijumaa kuna harusi. Kutoka hapa mpaka Lamu. Vikapu vitatu kwa harusi moja, Menza!"

"Mimi sikujui," alisema Menza, akarudi kwa pikipiki yake. Lakini hakwenda mbali, kwa sababu fungu lake lilikuwa mfukoni mwa Fumo.

Asubuhi yake Fumo alikuwa barazani kwa Bi Mahfudha kabla ya chai. Bwanamkuu alikuwa amesimama pembeni katika leso zake, mrashi mkononi. Waya mrefu ulitoka mgongoni mwake ukaingia kwenye sanduku la chuma lenye taa nyekundu, na sanduku lilichomekwa ukutani.

"Umekuja kuchukua mrashi," alisema Bi Mahfudha.

"Nimekuja kukutoa katika taabu, mama yangu. Sikulala. Nilikuuzia mashine ambayo haijazoea hewa ya huku. Chukua fedha zako, nami nimrudishe."

"Ajabu. Mimi sijaona taabu." Akambonyeza. Bwanamkuu akainua mkono, akanyunyiza, akashusha. Akafanya tena, na tena, bila kutetemeka.

Fumo akainama, mkono ukaenda kwenye pindo la leso apate kuona waya umeunganishwa vipi.

"Ala!" Bi Mahfudha aligonga bakora. "Si wewe uliyesema hafunuliwi?"

Fumo akaurudisha mkono. Hakuna kitu kigumu kwa mwongo kuliko kubishana na uongo wake mwenyewe. "Kweli," alisema. "Upepo."

"Basi nisikilize. Bunda langu utanirudishia lote. Na kwa huyu mtoto pamoja na sanduku lake, nataka kitu juu yake. Fedha ninazo, jana zimeingia kwa vikapu. Niachie mrashi."

Fumo alisimama. Tuseme kweli, aliumia. Aliona leso ya mama yake tupu, na mto wake mtupu, na sauti ya Bi Hindu ikamjia, *huu usiuuze*, akataka kugeuka aondoke na umaskini wake. Lakini aliona pia vikapu. Alijiambia kwamba si kuuza, ni kuweka rehani. Harusi mbili tu, atarudi, atamwaga noti barazani hapa, ataukomboa. Alitoa bunda mfukoni, na fungu la Menza ndani yake, akaliweka mezani. Kisha akafungua vidole vya bati kimoja kimoja, akauchukua mrashi, akaubusu, akampa.

"Nitaukomboa," alisema.

"Inshallah," alisema Bi Mahfudha, akaupokea kwa mikono miwili.

Menza alilaani muda mrefu, lakini kikapu cha kwanza akikiona mwenyewe atanyamaza, Fumo alimhakikishia. Walimweka Bwanamkuu mezani kibandani, wakachomeka sanduku, wakabonyeza. Mkono ukapanda mara mbili. Mara ya tatu ukafika kitovuni ukaanguka. Macho yakazima.

Menza alichukua bisibisi, akalifungua sanduku. Ndani kulikuwa na taa ndogo nyekundu, pakiti mbili za chumvi ya Gongoni za kutia uzito, na yale mawe manane aliyokuja nayo Bwanamkuu siku ya harusi, yamekwisha kabisa. Waya wa mgongoni haukufika popote, ulikuwa umefungwa fundo tu. Fumo akafunua leso. Chini yake kulikuwa na mawe mengine, ya asubuhi ile, nayo yamekwisha, masinia mawili kamili na mkeka wake. Mpaka waya wa hasi walikuwa wameuiga.

Alikimbia mpaka Shela bila viatu. Bi Mahfudha alikuwa barazani pale pale, na mezani mbele yake palikuwa na mirashi miwili. Ilikuwa ya urefu mmoja, shingo moja, maua yale yale yaliyochorwa tumboni. Fumo hakuweza kujua upi wa mama yake.

"Keti," alisema Bi Mahfudha. "Kadzo, mpe kahawa. Siku ya kwanza Kadzo alimnyanyua mtoto wako akawa mzito. Siku ya harusi alimnyanyua akawa mwepesi. Mimi kazi yangu ni hii, mwanangu. Nikipewa chombo kilichopungua, sina haja ya kukitazama. Nilimfunua palepale."

"Na vikapu?"

"Kikapu kimoja. Kodi ya nyumba zangu. Kilitoka mlango wa mbele, kikaingia wa nyuma. Vigelegele vilikuwa vya bibi harusi, ulitaka tumpigie nani?" Akasukuma mezani sarafu moja. "Bwanamkuu wako alizima mapema. Kabla ya kuzima bibi mmoja alimtuza shilingi apishe njia. Hii hapa. Sitaki dhuluma na mtu."

"Na huo?" Fumo aliuliza, akionyesha mirashi.

"Hii ni pacha. Ya bibi yangu. Mama yako alikuja hapa kabla hujazaliwa, akaomba nimwazime mmoja kwa harusi ya ndugu yake, siku moja tu. Akarudi analia kwamba ameibiwa njiani. Nikalia naye. Hata nikamnunulia leso ya kumfariji."

"Akaichukua?"

"Akachagua na rangi."

Fumo aliijua rangi. Alikuwa nayo mfukoni. Akaketi pale, kahawa ikipoa, na kitu kikamvunjika kifuani ambacho hakukijua kama kinavunjika. Katika maisha yake yote alijivunia kitu kimoja kisafi. Sasa hakuwa nacho, na kumbe hakuwa nacho tangu mwanzo. Alitaka kumkasirikia mama yake akashindwa. Badala yake alimwona, kijana, mcheshi, amesimama kwenye baraza hii hii anafuta machozi ya uongo, anachagua baina ya leso nyekundu na ya kijani. Akacheka, na katikati ya kucheka akalia kweli.

Bi Mahfudha alimngojea amalize. "Mama yako alikuwa bingwa," alisema bila chuki. "Wewe una maneno, lakini tamaa yako haitulii. Nyoosha mkono."

Fumo akanyoosha kiganja. Bi Mahfudha akachukua mrashi mmoja, ama huo ama ule, akamnyunyizia. Kila mtu aliyelelewa pwani anajua maana yake. Marashi yakishapita, shughuli imekwisha, na mgeni huamka akaenda zake.

Menza alikuwa njiani na pikipiki, Bwanamkuu amefungwa kamba nyuma, leso zinapepea. Alimwangalia rafiki yake aliyekuwa bila viatu, akamnusa.

"Mbona wanukia hivi?"

"Nimeagwa."

Menza akapiga kiki. "Haya, twende wapi sasa?"

"Popote," alisema Fumo, akipanda na kumkumbatia Bwanamkuu asianguke. "Mama alikataza Malindi tu."